Stendi ya taa iliyomwangukia mama mkwe wangu, na ninavyochagua stendi sasa

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila jana nimekuta mdau anauliza anunue stendi gani za taa za studio, ngumu lakini zisizoumiza mfuko, na watu wanamjibu kwa kebehi eti "stendi ni stendi tu, chukua yoyote, pesa weka kwenye kamera".

Nikasema hapana. Hili naliandikia uzi wake.

Ninayoandika sio chai, ni mambo ya kweli. Kuna kipande humu hata mke wangu hakijui, nimekaa nacho rohoni muda mrefu na leo nakitoa kama kilivyo. Atakayetaka kunitukana anitukane, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni mpiga picha, nipo Singida mjini. Kastudio kangu kapo Utemini, chumba kimoja cha mbele, mlango wa chuma wa mabawa mawili unaotazama barabara. Napiga passport, kipaimara, graduation, na familia zinazokuja sikukuu zimeshona sare. Sio tajiri, ila nyumbani wanakula.

Nilipoanza nilinunua kit. Wapiga picha mnaijua hiyo: softbox mbili, taa zake, stendi mbili zimekunjwa kwenye begi jeusi.

Kwa wasiojua, softbox ni lile boksi la kitambaa linalovikwa taa ili mwanga utoke laini. Stendi ni kile chuma cha miguu mitatu kinachoibeba juu.

Kit nzima niliishusha kwenye basi kwa mkono mmoja. Nikajisifu kabisa kwamba vitu vyenyewe vyepesi. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Bomba la zile stendi lilikuwa jembamba, ukiliminya na vidole unahisi linakubali. Vifungio vyote plastiki. Kimoja kilipasuka mapema tu, nikakikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kikashika. Zilishawahi kuanguka mara mbili hivi studio ikiwa tupu, nikaziinua nikaendelea na kazi.

Walioniambia nibadilishe niliwajibu kwamba client haangalii stendi, anaangalia picha. Nilikuwa naongea kwa kujiamini sana wakuu.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe.

Mama mkwe wangu anaishi Mkalama, mkulima wa alizeti na mtama. Baba mkwe alishatangulia mbele za haki. Siku ya kumzika, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa imekuzwa kutoka kwenye kadi ya mpiga kura. Uso umetawanyika, jicho moja halipo vizuri, watu wanapita kuaga huku wanaulizana huyu ndiye kweli?

Na mkwe wao ni mpiga picha! Nipo pale nimevaa suti!

Kila mwaka nilikuwa nasema nitaenda kumpiga mzee picha nzuri, nitaenda, nitaenda. Sikwenda. Niliona aibu ambayo sijui niielezeje.

Baadaye sana, msiba umeshapoa, mama mkwe akamwambia mke wangu, tumuite Eliza:

"Mwambie mwenzio anipige picha nikiwa mzima. Sitaki na mimi mnitoe kwenye kadi."

Hapo wakuu nilikuwepo. Nimekaa hatua kama nne hivi, nasikia kila neno.

Wa Dar mnivumilie kidogo. Mimi na mama mkwe tumelelewa kwenye nyumba ambazo mkwe ni mtu wa heshima ya kupitiliza. Simpi mkono. Nampa shikamoo nikiwa mbali, nimeinama, anaitikia marahaba akiangalia pembeni. Hatukai mkeka mmoja. Sili mbele yake. Akiwa na neno langu anampa Eliza anifikishie, hata kama nipo hapohapo.

Najua vijana wengi wameacha, wengine wanapiga selfie na mama mkwe wamekumbatiana kabisa. Siwalaumu. Ila sisi wawili ndivyo tulivyokuwa, na tulikuwa tunaheshimiana vizuri tu.

Siku ikafika. Akaja studio asubuhi na Eliza, amevaa kitenge kipya na kilemba cha bluu. Kapendeza mama wa watu! Nilijisikia fahari.

Lakini kumpiga picha mtu usiyetakiwa kumsogelea ni mtihani, asikwambie mtu. Client wa kawaida naenda namnyoosha bega, namwinua kidevu, naweka kola sawa. Kwa mama mkwe sithubutu. Kwa hiyo nikataka taa ifanye kazi yote, nikishaiweka nisirudi tena pale karibu yake.

Nikaipandisha stendi mpaka kipande cha mwisho, kile chembamba kuliko vyote. Halafu miguu nikaikusanya ikae karibukaribu, isije ikamgusa miguuni na Eliza apate pa kupita. Softbox nikaisukuma mbele, ikawa inamning'inia juu ya kichwa.

Uzito wa kushikilia chini? Sikuweka hata jiwe.

Mpiga picha yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Mimi nilikuwa nawaza heshima tu.

Eliza akawa anamweka mama yake sawa, geuka huku kidogo, kaa wima mama. Kilemba kikawa kinalegea. Akasema anakimbia mara moja dukani kwa Mangi kununua pini. Akatoka akarudishia mlango, maana nje kulikuwa na vumbi.

Nikabaki mimi na mama mkwe kwenye chumba kimoja, mlango umerudishwa.

Nikafanya nini? Nikaenda nikafungua mabawa yote mawili mpaka ukutani. Mtu asije akapita akasema fulani kajifungia na mkwewe. Halafu nikasimama pale karibu na mlango, kamera shingoni, najifanya naangalia bodaboda zinavyopita. Yeye naye kakaa kwenye stuli anaangalia ukuta.

Anayeijua Singida anaujua upepo wetu, hasa miezi ile ya baridi baada ya mavuno. Haupigi hodi.

Uliingia mmoja tu. Softbox ikajaa. Nikasikia mguu wa stendi unakwaruza sakafu, nikageuka, nikaona taa inaanza kulala upande aliokaa yeye. Yeye alikuwa bado anaangalia ukuta.

Nikaruka. Chumba chenyewe kidogo, hatua mbili nimefika.

Sasa hiki ndicho kile kipande nilichosema.

Nilifika wakuu. Nilimfikia. Mkono wangu wa kulia ulishaenda begani kwake, ulibaki kama shibiri moja. Ningemvuta tu, angeniangukia mimi, stuli ingeenda zake, chuma kingepiga sakafu na tungecheka mchana huohuo.

Mkono ukasita. Sikupanga, sikuwaza, mkono wenyewe ulikumbuka huyu ni nani. Ukaacha bega ukaenda kushika taa.

Na taa yenyewe nikaikosa. Niliambulia pindo la kitambaa, likachanika likabaki mkononi. Mama alishtuka dakika ya mwisho akanyanyua mkono kukinga kichwa, na chuma kikampiga hapa kwenye kifundo cha mkono, pale mnapovaa saa.

Nilisikia mfupa. Sitaki kuelezea zaidi.

Eliza aliingia na pini zake akapiga yowe hilo, majirani wote wakajaa. Yeye ndiye aliyemshika mama yake, akamfunga na khanga, akamtoa nje. Mimi nimesimama na kitambaa mkononi kama mwehu.

Hospitali wakapiga X-ray, mfupa umevunjika, akafungwa plasta ya P.O.P.

Kila ndugu aliyekuja kumwona, Eliza alimwambia: "Mume wangu alipambana kuizuia, mpaka kitambaa kimechanika, nendeni mkakione." Na ndugu wananigeukia, pole sana mkwe, tumesikia ulivyojitahidi.

Nikawa naitikia asante.

Hizo asante wakuu, kila moja naikumbuka niliisema nimesimama wapi.

Alizeti mwaka ule ililimwa na mama, ikapigwa na watu wengine, yeye kakaa kwenye kigoda anaangalia. P.O.P ilipotolewa mkono haukurudi wote. Hauzunguki vizuri. Kusonga ugali anasonga kwa mkono wa kushoto, na mwanamke wa umri ule kusonga kwa kushoto mbele ya wajukuu anaona kama amepungukiwa.

Tukaomba arudi tumpige ile picha. Akamjibu Eliza hatakanyaga tena kile chumba, na kama ni picha ya kuzikwa nayo basi ya kwenye kadi inatosha.

Eliza alilia. Mimi nikatoka nje.

Tangu hapo nikawa mgonjwa wa stendi. Natania lakini ni kweli. Nilikuwa nasoma stendi, naota stendi. Nikijiuliza leo naona nilikuwa nakimbia kufikiria ule mkono wangu, nikaona bora nifikirie mabomba.

Zile mbili za zamani nikawapelekea wanaonunua vyuma chakavu. Kumuuzia mpiga picha mwenzangu niliona dhambi.

Nikaenda Dodoma, sikutaka kuagiza kwa picha za simu. Nilimwambia muuzaji naomba uzifungue zote, niache nizisumbue. Akaniangalia vibaya lakini akakubali.

Nilichokuwa nafanya ni hiki, na wewe mdau uliyeuliza fanya hivi: ipandishe stendi mpaka mwisho, itanue miguu yote, halafu isukume kule juu kwa kidole kimoja. Nyingine zinayumba kama zimelewa. Nyingine zinatikisika kidogo zinatulia. Hiyo ya pili ndiyo unaangalia bei yake.

Kisha minya bomba la chini. Likikubali vidole, liache dukani. Angalia vifungio, viwe vya chuma au plastiki nene yenye bolti ya chuma inayopita katikati. Kikaze, halafu ning'inia kidogo uone kama kipande cha juu kinateleza kushuka. Miguu nayo iwe inatanuka kweli, isiwe imebana.

Zile nzuri kabisa bei yake ilinifanya nicheke peke yangu. Nikapata moja tu, tena iliyotumika, kwa mzee mmoja wa kazi hizi aliyekuwa anafunga studio. Chuma chake kimekwaruzika rangi lakini kiko imara. Msiogope mtumba kwenye stendi wakuu. Stendi haina umeme ndani, ukiitikisa inakwambia yote.

Ya pili nikaamua kuchomelea.

Kuna fundi kule Mandewa, tumuite Fundi Rama, anatengeneza mageti na vitanda. Nikamchorea kwenye karatasi: chini ringi chakavu ya gari, juu bomba nene, ndani yake bomba dogo linalopanda na kushuka, na bolti ya kukaza kwa mkono.

Akaiangalia ile karatasi.

"Hii ibebe nini?"

"Taa."

"Taa ina kilo ngapi?"

"Mbili hazifiki."

"Kaka, una lako jambo wewe. Hii naweza nikafungia ng'ombe."

Nikamwambia ichomelee hivyohivyo, ng'ombe akija tutamfunga.

Akachomelea. Nafika nyumbani, taa haikai! Kile kichwa cha juu kinachoingia kwenye taa kina kipimo chake, na bomba la Rama halikijui. Ikabidi nirudi kwa wale wa vyuma chakavu kutafuta stendi zangu mwenyewe nilizowauzia. Moja ilishaondoka. Nyingine ilikuwepo chini ya mabati, nikainunua ghali kuliko nilivyoiuza, huku jamaa ananiangalia kwa huruma. Tukakata kichwa chake tukakichomelea kwenye bomba jipya.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi wa geti, nenda na taa yako mkononi. Msirudie kosa langu.

Uzito wa kushikilia nao sio wa kununua. Chukua suruali ya jinsi iliyokufa, kata miguu, mpe fundi cherehani ashone chini, jaza mchanga mkavu, ashone juu. Unaulaza kwenye miguu ya stendi, chini kabisa. Usiutundike juu, utakuwa umeongeza tatizo. Na mguu mmoja wa stendi uelekee upande softbox inakoegemea. Waya ubandike sakafuni kwa selotepu, watu wanajikwaa.

Kile kipande chembamba cha mwisho mimi sikipandishi tena. Kama sifikii urefu, client anakaa kwenye stuli fupi.

Ile ya Rama ina kasoro yake, nisiwadanganye: ni nzito, kwenda nayo harusini utaumia mgongo. Ya kutoka nayo ni ile ya mtumba pamoja na mifuko ya jinsi.

Ila mara moja niliibeba ya Rama safari. Nilienda nayo Mkalama.

Eliza alikuwa amembembeleza mama yake miezi. Mwisho akakubali kupigwa picha, ila kwake, sebuleni. Tukaipakia ile ringi na bomba lake nyuma ya gari la kukodi, dereva ananiuliza kama nimeanza kufunga ving'amuzi.

Nikaifunga pale sebuleni, taa juu, mifuko miwili ya mchanga chini. Mama akatoka chumbani na kitenge chake kilekile. Hakukaa. Alienda kwenye stendi akaishika kwa ule mkono mbovu, akaitikisa. Akaitikisa tena kwa nguvu. Ikatulia tuli.

Akamtuma Eliza jikoni kuangalia chai. Eliza akatoka.

Mimi huyo, nikaanza kwenda mlangoni nikaufungue.

"Acha mlango."

Nikaganda. Miaka yote ya ndoa yangu, mama mkwe alikuwa hajawahi kunisemesha moja kwa moja zaidi ya marahaba.

"Siku ile niliuona mkono wako," akasema. Alikuwa anaangalia stendi, sio mimi. "Ulikuja mpaka hapa," akagusa bega lake, "ukarudi."

Wakuu, nilitamani sakafu ipasuke.

"Ndiyo mama. Nisamehe mama."

Akaunyanyua ule mkono mbovu.

"Nilipokuwa na lile plasta nimewaza sana. Ungenishika ningesema huyu mtoto hana adabu. Hukunishika, mkono wangu ndio huu. Sasa nikulaumu kwa lipi?"

Machozi yalikuwa yanatoka, sikuyafuta.

"Baba Neema."

"Naam mama."

"Siku nyingine nivute. Nivute tu, hata nianguke mapajani kwako. Aibu tutajua wenyewe."

Eliza akarudi na chai, akatukuta tumenyamaza, akadhani tumeboreka.

Nikapiga picha. Mama aliangalia kamera moja kwa moja, yaani alikuwa ananiangalia mimi, kwa mara ya kwanza. Sikupiga nyingi. Ya tatu ndiyo ile.

Wakuu, nilichojifunza upande wa stendi nimeshakisema: itikise kabla mtu hajakaa chini yake, na ukiogopa kuitikisa basi usimkalishe mtu hapo. Pia usipange vifaa kwa aibu. Nilipandisha taa kwa aibu, nikabana miguu kwa aibu, nikafungua mlango kwa aibu, kisha nikashangaa imeanguka.

Upande wa pili bado najifunza. Eliza mpaka leo anasimulia watu nilivyopambana na ile taa. Juzi kanisani amemsimulia mgeni, nimesimama pembeni yake, na nimeitikia asante tena.

Mama yake anajua, mimi najua, na sasa ninyi mnajua. Aliyebaki ni yeye tu. Nataka nimwambie Jumapili hii, tukishakula, watoto wakiwa nje.

Wenye stendi nzuri za bei ya kawaida wekeni picha na mlipozitoa, zitawasaidia wengi. Na wenye ndoa za muda mrefu, naombeni mnisaidie: naanzaje?